Hesabu saa kabla ya kununua dawa

Kondomu haikutumika au imepasuka, na uliyelala naye humjui vizuri. Asubuhi mkojo ukichoma kidogo tu, moyo unaruka. Wengi hapa Tanga hukimbilia duka la dawa, iwe Ngamiani au Chumbageni, kuomba rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki. Tunakuomba hilo lisiwe la kwanza. Kwanza hesabu saa.

Kama hazijapita saa 72, VVU bado vinaweza kuzuiwa. Fika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, au kituo cha afya chenye kliniki ya tiba na matunzo, uulizie PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tendo la hatari. Humezwa kila siku kwa siku 28, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyosaidia, kwa hiyo usingoje Jumatatu. Mwanamke asiyetaka mimba aulizie hapohapo vidonge vya dharura. Navyo vina muda wake.

Dalili nazo zina siku zake. Usaha wa kisonono kwa mwanamume kwa kawaida hutoka kati ya siku ya 2 na ya 7. Klamidia huchukua wiki 1 hadi 3, na kwa wanawake wengi haionyeshi chochote. Mchomo ulioanza saa chache baada ya tendo, basi, mara nyingi una sababu nyingine: ngozi iliyosuguliwa kwa sabuni au ndimu, au mwanamume anayekamua uume kila nusu saa aone kama kuna kitu. Kukamua huko kunachubua mrija, majimaji yanatoka, na hofu inazidi. Acha kukamua. Damu mwishoni mwa mkojo, kwa watu wa ukanda wetu, huweza kuwa kichocho. Mweleze daktari kama huwa unaoga bwawani au mtoni.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni kidonda kisichouma. Kaswende hujitokeza kwa wastani baada ya wiki 3, ingawa huweza kuchelewa hadi siku 90: kidonda kimoja cha duara, kingo zake ngumu ukizigusa kama gegedu la sikio. Bila dawa hufunga chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6. Mtu anashukuru Mungu, kumbe vijidudu vimeshaingia kwenye damu, na baadaye vipele hutokea viganjani na nyayoni. Usikipake kitu, kipeleke kilivyo. Hatua hii ya mwanzo hutibiwa kwa sindano ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, mara moja. Tunza cheti cha matibabu, kwa sababu kipimo cha haraka cha kaswende huweza kubaki chanya hata ukishapona.

Rangi mbili za kubahatisha hukausha usaha na kuwaacha vijidudu. Kisonono kimeshazoea dawa nyingi za zamani, na kwa mwanamke hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Njoo kituoni kabla hujameza dawa yoyote, na usikojoe kwa saa 1 hadi 2 kabla ya kuchukuliwa sampuli.

Kipimo cha VVU cha leo kinaeleza ya zamani, si tendo la juzi. Rudia baada ya miezi 3. Ukitibiwa kisonono au klamidia, mwenzako naye atibiwe, na msikutane kimwili kwa siku 7.

Korodani ikiuma ghafla na kuvimba, usikae foleni. Huenda imejisokota, na ikipita saa 6 bila kufunguliwa inaweza kufa. Nenda moja kwa moja idara ya dharura, hata kama ni usiku wa manane.