Je, wajua kwa nini Henrik Lundqvist hakutoka golini?

Kwenye soka, kipa akibaki ana kwa ana na mshambuliaji hutoka langoni ili ambanie pembe. Magongo ya barafuni yana kanuni hiyo hiyo. Kwa miaka mingi makipa wa mchezo huo walifundishwa kusogea hadi ukingoni mwa eneo la buluu lililopakwa mbele ya goli, hata kulivuka. Msweden Henrik Lundqvist, aliyeidakia New York Rangers kwa misimu 15 kuanzia 2005, alifanya kinyume. Alibaki nyuma, visigino vikiwa hatua fupi tu kutoka mstari wa goli. Alimaliza na ushindi mara 459 katika mechi 887 za msimu wa kawaida wa NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, na katika mechi 64 hakufungwa kabisa. Aliwezaje kumwachia mpigaji nafasi yote ile na bado akadaka?

Tuanze na vipimo. Goli lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Badala ya mpira wa duara kuna kisahani cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.6, unene wa sentimita 2.5 na uzito wa gramu 156 hadi 170, tena hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Sasa chukua mpigaji aliye katikati, mita 10 kutoka golini. Kipa aliyetoka mita 2 anatakiwa kuziba upana wa mita 1.46 na kimo kisichofika mita 1. Aliyebaki sentimita 70 tu mbele ya mstari ana mita 1.70 za kuziba kwa upana na 1.13 kwa kimo. Hizo ni sentimita 24 zaidi pembeni na 16 zaidi juu, nafasi inayotosha kisahani kupita bila kugusa kitu. Kama mchezo ungekuwa shuti moja la mbali tu, kila kipa angetoka.

Lakini magoli mengi hayaji hivyo. Yanakuja baada ya pasi ya kukata uwanja: kisahani kiko winga ya kulia, kinavushwa kwenda kushoto, na aliyepo kule anapiga hapo hapo bila kutuliza. Tuseme kisahani kimetoka nyuzi 45 upande mmoja kwenda nyuzi 45 upande wa pili. Kipa aliye mita 2 kutoka katikati ya goli analazimika kusafiri karibu mita 2.8 ili akikabili tena. Aliye sentimita 70 anasafiri mita 1 tu. Pasi ya mita 10 iliyopigwa kwa nguvu inafika kwa takriban sekunde 0.4. Ndani ya muda huo, mita 1 inawezekana kwa msukumo mmoja wa mguu. Karibu mita 3 hazifikiki, hata kwa kipa mwenye miguu mepesi kiasi gani.

Kuna faida ya pili isiyoonekana kwa urahisi, nayo ni muda. Mkwaju wa kilomita 144 kwa saa husafiri mita 40 kila sekunde. Kutoka mita 10, unamfikia kipa aliyetoka mbele kwa sekunde 0.20, na yule wa nyuma kwa sekunde 0.23. Binadamu huhitaji karibu sekunde 0.2 ili jicho lione na mkono uanze kwenda, kwa hiyo wa kwanza anabahatisha kwa mwili na wa pili ana upenyo mdogo wa kudaka kweli. Kwa kipa wa kawaida tofauti hiyo haina maana sana. Kwa Lundqvist, aliyekuwa na mkono wa glavu wa haraka mno, ndiyo iliyokuwa mtaji wake.

Mtu aliyeujenga mtindo huo pale New York ni kocha wa makipa, Benoit Allaire, anayejulikana kwa kuwarudisha makipa wake karibu na mstari. Ukubwa wa uwanja nao ulichangia. Kwao Sweden uwanja una upana wa mita 30, ule wa NHL una takriban mita 26. Wachezaji wamebanana zaidi, mashuti yanatoka karibu zaidi, na pasi ya kukata uwanja inafika mapema zaidi. Kipa anayetoka Ulaya akiendelea kutembea mbele kama alivyozoea hujikuta kila mara amechelewa nusu hatua. Lundqvist alifika akiwa bingwa wa Sweden mara mbili na Frölunda ya Göteborg, 2003 na 2005, lakini Rangers walikuwa wamemchagua nafasi ya 205 tu katika usajili wa vijana wa mwaka 2000, ambapo klabu za NHL huchagua wachezaji kwa zamu. Alishinda mechi 30 au zaidi katika kila mmoja wa misimu yake saba ya kwanza, jambo ambalo hakuna kipa wa NHL aliyewahi kulifanya kabla yake.

Sasa tuangalie kazi yenyewe ya miguu, maana hapo ndipo wengi huharibu wanapomwiga. Msingi ni staili ya kipepeo: magoti yanashuka pamoja, miguu inafunguka pande mbili, na vikinga vya miguu vinalala vikitazama mbele na kufunga sehemu yote ya chini. Pasi inapopigwa, mpangilio ni kichwa kwanza, kisha mabega, kisha msukumo. Macho yanamtafuta mpokeaji, kifua kinageuka kumkabili, na hapo ndipo mguu wa nyuma unachimba barafu kwa ukingo wa chuma cha kiatu na kusukuma, huku goti la mbele likiteleza. Ukisukuma kabla ya kugeuka, unateleza sambamba na mstari badala ya kuelekea kwenye kisahani, na uwazi unabaki kati ya miguu.

Kosa la pili ni kuinamisha kifua. Lundqvist alikuwa na kimo cha mita 1.85 hivi, si jitu kwa makipa wa leo, kwa hiyo akiwa nyuma kila sentimita ya bega ilikuwa na thamani. Aliposhuka kwenye kipepeo kiwiliwili kilibaki wima na mikono ikawa mbele ya mwili, si ubavuni. Mashuti ya juu aliyapiga hata kwa kichwa, kwa kinyago chenyewe, akikisogelea kisahani kwa makusudi.

Mtindo huu una gharama, na tusiifiche. Mpigaji mzuri aliye huru huona kona za juu zimefunguka juu ya mabega. Kisahani kilichoguswa njiani na fimbo ya mtu mwingine hubadilika mwelekeo na kuwa na umbali wa kutosha kumpita kipa aliye nyuma, wakati aliye mbele kingemgonga tu. Na mkwaju uliorudi uwanjani huacha nusu nzima ya goli ikiwa wazi. Fainali ya 2014 ya Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL linaloamuliwa kwa mfululizo wa mechi, iliisha hivyo. Katika mchezo wa tano dhidi ya Los Angeles Kings, Lundqvist alishaokoa mashuti 48. Muda wa nyongeza wa pili Tyler Toffoli akapiga, kisahani kikagonga kikinga cha mguu na kurudi upande wa pili, na Alec Martinez akakiweka kwenye goli tupu. Kings wakachukua kombe kwa michezo 4 kwa 1. Hilo kombe hakulipata kamwe, na kwa kipa wa kiwango chake ni dhuluma ya mchezo.

Kwingine alivuna. Alipata dhahabu ya Olimpiki Torino 2006, Sweden ikiifunga Finland 3-2, na sekunde za mwisho aliokoa shuti la Olli Jokinen. Mwaka 2012 alitwaa tuzo ya Vezina ya kipa bora wa NHL. Mwaka 2017 alichukua ubingwa wa dunia akiwa na pacha wake Joel, baada ya kuokoa penalti zote nne za Kanada kwenye fainali.

Mwili ndio uliosimamisha kazi. Mwaka 2015 kisahani kilipita chini ya kinyago kikampiga kooni na kujeruhi mshipa wa damu, akakaa nje karibu miezi miwili. Oktoba 2020 alisaini Washington Capitals, lakini uchunguzi ukaonyesha tatizo la moyo. Januari 2021 alifanyiwa upasuaji mkubwa na kubadilishiwa vali, na Agosti mwaka huo akastaafu bila kuichezea Washington hata mechi moja.

Ukitazama mechi ya magongo ya barafuni, usikifuate kisahani peke yake. Angalia visigino vya kipa kabla pasi ya kukata uwanja haijapigwa: viko juu ya rangi ya buluu, au vimeshaivuka? Kisha mhesabie hatua anazohitaji kufika upande wa pili.