Kiongozi wa chama wa kata: ngazi iliyompandisha Oscar De Priest hadi Bungeni

Katika siasa za Chicago mwanzoni mwa karne ya 20, diwani na kiongozi wa chama wa kata walikuwa watu wa kazi mbili tofauti. Diwani aliketi kwenye baraza la jiji. Kiongozi wa chama alishika kata yenyewe: aliamua nani aungwe mkono, nani atafutiwe ajira ya serikali, na makada gani wagonge milango siku ya kupiga kura. Kwa wanaotaka kuelewa siasa za miji ya Marekani, mimi nasema wamtazame huyu wa pili kwanza.

Oscar De Priest, mzaliwa wa Alabama mwaka 1871, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, alifika Chicago mwaka 1889 akiwa fundi rangi na plasta, baadaye akaingia kwenye biashara ya nyumba. Mwaka 1915 akawa diwani wa kwanza mweusi wa jiji hilo. Miaka miwili baadaye alishtakiwa kwa rushwa. Akatetewa na wakili Clarence Darrow, akaachiwa huru, lakini kiti kikawa kimeponyoka.

Kata hakuiacha. Weusi waliokuwa wakihama kutoka Kusini walizidi kujaa upande wa kusini wa jiji: Chicago nzima ilikuwa na weusi takriban 44,000 mwaka 1910, na zaidi ya 230,000 mwaka 1930. Kura zao zilihitaji mtu wa kuzikusanya, naye alizikusanya, akimuunga mkono Meya William Hale Thompson.

Aprili 1928 mbunge Martin Madden alifariki, muda mfupi baada ya kushinda kura za maoni za Republican. Mgombea mpya alipaswa kuteuliwa na viongozi wa chama wa kata zilizokuwa ndani ya eneo la ubunge la Madden, na De Priest alikuwa mmoja wao. Aliteuliwa, na Novemba akashinda: mbunge wa kwanza mweusi tangu 1901, na wa kwanza kabisa kutoka majimbo ya Kaskazini.

Siku ya kiapo, Aprili 1929, kulikuwa na hofu kwamba wabunge wa Kusini wangempinga. Kwa desturi wabunge waliapishwa kwa makundi, jimbo baada ya jimbo, kwa hiyo mbunge aliyekwisha kuapa angeweza kusimama kumwekea pingamizi anayefuata. Spika Nicholas Longworth akawaapisha wote kwa pamoja.

Mwaka 1934 Arthur Mitchell, mweusi wa Democratic, alimwangusha. De Priest alirudi alikotokea: kuanzia 1943 hadi 1947 alikuwa tena diwani wa Chicago.