“Faiawoli ipo, fundi, tena ya kulipia”

Juma hili nimeambiwa tena, safari hii na mteja wa Kisasa, Dodoma, ambaye seva yake ya gumzo ilikuwa haipatikani tangu usiku kwa kushambuliwa: ilirushiwa trafiki kwa makusudi hadi ikazama. Nimechoka kuisikia, kwa hiyo naanza nayo.

Faiawoli iliyo ndani ya seva huamua pakiti ipi (kipande cha data kinachosafiri mtandaoni) ipite na ipi itupwe. Lakini ili itupwe, pakiti lazima kwanza ifike, na ikifika imeshakula laini, yaani njia yako ya intaneti kutoka kwa mtoa huduma. Laini yako ni ya megabiti 100 kwa sekunde. Ukirushiwa gigabiti 2, hiyo ni mara 20 ya uwezo wake. Pakiti za watumiaji wako zinapotelea huko juu kwa mtoa huduma, pamoja na za mshambuliaji, na faiawoli haijaziona. Wasafiri wa reli ya kati watanielewa: maji yakikata reli Gulwe, mkuu wa stesheni Dodoma hata akifunga milango yote, treni haiji. Halafu mteja ananionyesha prosesa iko asilimia tatu, “seva nzima hii!” Nzima kweli, ila hakuna anayeifikia.

Dawa iko juu, kwa mtoa huduma: achuje trafiki kabla haijaingia kwenye laini yako. Akishindwa, ataikata anwani inayoshambuliwa ili wateja wengine wapone. Kwa mwenye seva moja tu, hapo mshambuliaji amemaliziwa kazi. Ndiyo maana mitandao ya IRC, ile ya gumzo la maandishi, hugawa watumiaji kwenye seva kadhaa, na seva inayoziunganisha mara nyingi hufichwa. Moja ikizama, watu wanahamia nyingine.

Faiawoli si takataka, jamani. Na SYN cookies, mbinu ya seva kutotunza ombi la kuunganishwa hadi likamilike, zilizobuniwa mwaka 1996, bado zinaokoa seva inayojaziwa maombi ya kuunganishwa yasiyokamilika. Zinaokoa seva. Laini haziiokoi.

“Basi niongeze RAM.” RAM si laini.

“Nipe IP yake nimblok.” Ipi? Kwenye UDP, njia ya kutuma pakiti bila kwanza kuunganishwa, anwani ya mtumaji hughushiwa kirahisi. GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, ilipopigwa kwa terabiti 1.35 kwa sekunde mwaka 2018, pakiti zilitoka kwenye seva za memcached (programu ya kutunza data kwa muda) za watu wengine, zilizoachwa wazi kwenye intaneti na kudanganywa kwa anwani ya kughushi ziijibu GitHub. Ukizifukuza moja moja utazeeka.

“Sisi wadogo, nani atushambulie?” Yule kijana uliyemtoa kwenye chumba cha gumzo juzi kwa matusi. Mashambulizi haya hukodishwa, tena kwa bei ndogo.

Sasa ushauri wangu ambao wateja huucheka: namba ya fundi wa zamu wa mtoa huduma iandike kwenye karatasi, uibandike ukutani, na umpigie siku ya amani umuulize anaweza kuchuja nini. Mteja wa Kisasa namba alikuwa nayo. Ilibandikwa juu ya chumba cha gumzo cha mafundi, ndani ya seva ile ile.