Mchango wa ugonjwa hauchangwi kama wa harusi

Watanzania tunajua kuchanga. Kamati ya harusi ikikaa, kadi zinagawiwa na ahadi zinaandikwa. Msiba ukitokea, daftari linafunguliwa kabla turubai halijafungwa. Shughuli hizo zina siku yake, ikipita watu wanatawanyika. Ugonjwa mkubwa hauna siku. Fedha zinamiminika wiki ya kwanza wakati kundi la WhatsApp lina moto, na kufika wiki ya tatu simu hazipokelewi. Kwa wagonjwa wengi wa saratani ninaowahudumia nikiwa afisa ustawi wa jamii, wiki ya tatu ndiyo katikati ya tiba.

Nichukue saratani ya mlango wa kizazi. Ratiba inayotumika sana ni mionzi ya nje mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, pamoja na dripu ya cisplatin, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki kwa wale ambao figo zao zinaruhusu. Baada ya hapo, au wiki za mwisho, inafuata mionzi ya ndani, inayowekwa kwenye mlango wa kizazi wenyewe. Yote yanatakiwa kukamilika ndani ya wiki nane. Sababu ni kwamba mgonjwa akikatisha, seli za saratani zilizobaki hai zinazaliana upya katika hilo pengo. Anayerudi kijijini katikati kwa kukosa pesa ya chumba hajapata nusu ya kupona. Akirejea baada ya mwezi, daktari hawezi tu kuendelea pale alipoachia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ya familia iwe ya kumweka mgonjwa karibu na mashine kwa wiki zote hizo. Mionzi yenyewe huchukua dakika chache, na wengi hawalazwi. Anayetoka Tabora au Lindi kuja Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, anahitaji pa kulala, chakula chake na cha anayemuuguza, nauli ya kila siku, pedi, na fedha ya vipimo vya damu vinavyorudiwa kabla ya dripu. Tuseme hayo yanakula shilingi 25,000 kwa siku. Wiki nane ni siku 56, yaani shilingi 1,400,000, na hapo hospitali haijadai kitu. Ongezeni siku za vipimo kabla ya kuanza, ambazo familia nyingi husahau kabisa kuziweka kwenye hesabu.

Njia inayodumu ni kugawana siku. Kaka mkubwa ashike Jumatatu, shangazi Jumanne, baba mdogo Jumatano, hivyo hivyo mpaka Jumapili. Kila mmoja anatoa 25,000 kwa wiki, jumla 200,000 kwa wiki nane. Asiyeiweza siku nzima agawane na mwenzake. Asiye na fedha kabisa achukue watoto wa mgonjwa nyumbani kwake au aje kupokea zamu ya kuuguza, na hilo liandikwe kama mchango, maana ni mchango. Ukimwambia mtu "toa ulichonacho" atatoa mara moja na dhamiri yake itatulia. Ukimwambia "Jumatano ni yako" anajua kwamba asipotuma, Jumatano mgonjwa hali.

Mweka hazina asiwe anayeuguza. Naliona hili likivunja undugu kuliko ugonjwa wenyewe: binti aliye wodini ndiye anayepokea, anayenunua na anayejibu maswali ya wajomba, mwisho anaambiwa amekula hela. Tafuteni mtu mwingine, mwenye laini ya simu isiyotumika kwa jambo jingine lolote. Muuguzaji apige picha risiti na kuzituma siku hiyo hiyo. Hospitali za serikali hutoa namba ya malipo yenye tarakimu 12, mnalipia kwa simu au benki mkiwa popote, hata Mwanza. Anayetaka umpe taslimu "akusaidie kuruka foleni" si mhasibu.

Sasa ofisi ya ustawi wa jamii, ambako asiye na uwezo huombea msamaha wa gharama. Wengi hufika kwetu siku ya kuruhusiwa, deni likiwa limeshasimama, wakati kilichotakiwa ni kuja siku ya kwanza. Njoo na barua ya rufaa, kitambulisho, kadi ya bima kama ipo, na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa yenye muhuri na tarehe. Barua inayosema tu "mtajwa hana uwezo" hainisaidii sana, kwa kuwa zote zinasema hivyo. Mwombeni mtendaji aandike mgonjwa anaishi kwa kazi gani, ana wategemezi wangapi, nani anamtunza, na kama kaya iko TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Msamaha unaweza kuwa wa gharama yote au sehemu. Hata ukiwa wa yote, ni wa huduma za hospitali tu: haulipi chumba wala nauli, na dawa isipokuwepo dirishani mtaelekezwa mkanunue nje. Msiufute mpango wa siku saba kwa sababu msamaha umetoka.

Kitu kingine kinachokula siku bure ni majibu ya kinyama, yaani kipande kinachokatwa kwenye uvimbe kikapimwe kama ni saratani. Mionzi haipangwi bila hayo. Mkiondoka hospitali ya mkoa, ombeni ripoti yenyewe, na ikiwezekana vioo vya maabara na kipande cha nta kilichohifadhi sampuli, ili isilazimu kukatwa upya.

Kwa damu, mgonjwa anayetokwa sana hupungukiwa, na tiba inaweza kusogezwa mpaka aongezewe. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na afya njema. Mwanamume hurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Msiwalete ndugu wote siku moja, wekeni wengine akiba.

Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa inayorejeshwa kila siku, ikae mbali. Tuseme umekopa 300,000 unarejesha 13,000 kila siku kwa siku 30: unalipa 390,000, na rejesho la siku linakula zaidi ya nusu ya ile 25,000. Kuuza shamba wiki ya kwanza nako ni haraka mbaya, kwa kuwa mnunuzi anajua una mgonjwa na bei yake itaonyesha kwamba anajua. Nyumba ya ndoa ndiyo kabisa: kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakiruhusu iuzwe bila ridhaa ya mwenzi, hata kama wakwe wameshakaa kikao.

Kama mgonjwa ameajiriwa, sheria ya ajira inampa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, akiwasilisha cheti cha daktari. Muuguzaji hana bahati hiyo. Siku nne za likizo ya dharura zinahusu mtoto aliyeugua, si mzazi, kwa hiyo anayemuuguza mama apange likizo yake ya mwaka ya siku 28 mapema, na zamu ibadilishwe kila wiki mbili kabla hajaanguka yeye.

Kuna familia zitakazoambiwa kwamba tiba ya kuponya haipo tena. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuhama hospitali moja hadi nyingine. Muulizeni daktari waziwazi: tunatibu au tunatuliza? Kama ni kutuliza, ombeni kitengo cha tiba shufaa. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi, na huambatana na dawa ya kulainisha choo, maana kufunga choo ni karibu lazima. Na kama mgonjwa anataka kufia kwao, safari ifanyike angali anaweza kukaa kwenye kiti cha basi. Kusafirisha mwili kwenda mkoani ni gharama ya namna nyingine kabisa. Aondoke na barua ya kuruhusiwa, mofini ya kutosha, na jina la hospitali iliyo karibu na kwao inayotoa dawa hiyo. Pigeni simu kuhakikisha ipo kabla ya kukata tiketi.