Rafti ya Sagana, mashua ya Shimoni: dhana potofu kuhusu safari ya siku moja majini

Dhana: Mto Tana unaingia baharini, kwa hiyo mtu anaweza kupanda rafti asubuhi na kutembea Pwani jioni

Ni kweli Tana humwaga maji yake Bahari Hindi, pale Kipini. Lakini rafti, yaani mashua ya mpira iliyojazwa hewa, inahitaji maji yenye mteremko, na mteremko huo uko bara. Sagana, mji ulio kwenye mto wa jina hilo unaoingia Tana, kama kilomita 100 kaskazini mwa Nairobi, iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Chini yake kuna mabwawa ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Baada ya hapo mto unaingia nchi tambarare ya Garissa na Hola, unapinda huku na huko ukiwa umebeba tope, na humo mna mamba na viboko. Huko si mahali pa rafti.

Mto mwingine unaofika baharini ni Athi, ambao ukipita Tsavo huitwa Galana na ukikaribia Malindi huitwa Sabaki. Ndani ya Tsavo Mashariki maji yake yanajipenyeza kwa nguvu kati ya miamba ya Lugard's Falls, na mwendo mfupi chini yake ni Crocodile Point, ambapo mamba huota jua. Aliyelala Malindi anaweza kuingia kwa lango la Sala, akayaona hayo na kurudi siku hiyo hiyo, ila ataenda kwa gari, si kwa rafti.

Kwa hiyo hizi ni siku mbili: Sagana ukitokea Nairobi, na safari ya mashua ya Shimoni, kusini kabisa mwa Pwani, au ya Malindi ukitokea Pwani. Kati ya Nairobi na Mombasa kuna karibu kilomita 480. Anayekuuzia yote mawili kwa siku moja anakuuzia siku nzima ya kukaa garini.

Dhana: Asiyejua kuogelea asithubutu, na anayejua hana la kuogopa

Pande zote mbili zina makosa, na ule wa pili ndio hatari zaidi. Mkondo mkali hauogeleki kama bwawa la hoteli. Maji yenye povu yamechanganyika na hewa, kwa hiyo hayakubebi vizuri, na mikono yako haipati kitu kizito cha kusukuma. Kinachokuinua ni jaketi la kuokoa maisha, na jaketi hufanya kazi likiwa limebana. Funga vifungo vyote, kaza mikanda kuanzia kiunoni kwenda juu, kisha mwambie mwenzako alishike mabegani na kulivuta juu kwa nguvu. Likifika masikioni, bado limelegea. Fanya hivyo tena baada ya kulowa, kwa sababu mikanda iliyolowa hulegea.

Ukianguka, lala chali. Miguu itangulie upande maji yanakoenda, vidole vya miguu vionekane juu ya maji, magoti yakunjwe kidogo ili miguu ndiyo ikutane na mawe badala ya kichwa. Vuta pumzi ukiwa katikati ya mawimbi mawili, si kileleni ambako povu linakupiga usoni.

Kosa kubwa la wanaojua kuogelea ni kusimama. Maji yakifika kiunoni mtu huona amefika, akashusha mguu. Mguu ukiingia kati ya mawe mawili, mto unaendelea kumsukuma mgongoni, anainama mbele, na uso unazama kwenye maji ambayo yangemfika kiunoni tu. Jaketi halimsaidii tena. Usisimame mpaka ufike mahali ambapo maji yametulia na mikono yako inagusa chini.

Ukirushiwa kamba, shika kamba yenyewe, si mfuko wake, kwa maana ndani ya mfuko bado kuna kamba inayoweza kufunguka zaidi. Ipitishe juu ya bega, ugeukie mbali na anayekuvuta, ulale chali. Usiizungushe mkononi hata mara moja. Ikikaza hutaweza kuiachia.

Kuna jambo moja linalokwenda kinyume na haya yote: mti ulioanguka ndani ya mto. Maji hupita kati ya matawi lakini mtu hapiti. Ukiona unapelekwa kwenye mti na huwezi kuukwepa, geuka, ulale kifudifudi, uogelee kwa kichwa kuuelekea kwa nguvu zako zote na uupande. Ukiufikia kwa miguu, mkondo utakuingiza chini yake.

Dhana: Rafti ikigonga jiwe, jivute mbali na jiwe

Kila mwili wa binadamu unataka kufanya hivyo, na ndiyo maana rafti nyingi hupinduka mahali ambapo hazikupaswa kupinduka. Tazama kinachotokea. Rafti imegonga jiwe kwa ubavu. Ubavu wa upande wa jiwe umesimama, ilhali ule wa upande maji yanakotoka unaendelea kusukumwa. Watu wakihamia mbali na jiwe, uzito wao unaushusha huo ubavu wa juu ya mto, maji yanaupanda, na kwa sekunde chache yanakuwa yamejaa ndani. Kuanzia hapo mto unaibandika rafti kwenye jiwe kama karatasi iliyolowa, au unaipindua na kuwatupa watu majini.

Kiongozi akipiga ukelele wa kuhamia upande, rukieni upande wa jiwe. Kifua kiende juu ya bomba la hewa lililogusa jiwe, karibu kulikumbatia. Ubavu wa pili utainuka, maji yatapita chini, na mara nyingi rafti itajizungusha yenyewe na kuondoka. Amri hii hutolewa mara moja tu na hakuna muda wa kuuliza, kwa hiyo izoeeni mkiwa bado kwenye maji tulivu. Kiongozi asiyefanyisha mazoezi kabla ya mkondo wa kwanza amewanyima sehemu muhimu kuliko zote za safari.

Dhana: Anayeendesha rafti ni kiongozi, sisi wengine ni abiria

Kiongozi anakaa nyuma na kuchagua njia, lakini hawezi kuielekeza rafti ya watu sita au wanane ikiwa inakwenda kwa kasi ile ile ya maji. Inabidi iende kwa kasi zaidi au taratibu zaidi ya mkondo, na hiyo kasi inatoka kwenye makafi yenu. Wawili wa mbele ndio wanaoweka mwendo na wengine wanawafuata. Si lazima wawe wenye misuli, bali wawe wanaosikia amri na kupiga makafi kwa pamoja.

Makafi yakiwa majini yanakushikilia pia. Mtu anayeendelea kupiga kafi katikati ya wimbi ana egemeo la ziada, na anayeliinua hewani kwa hofu ndiye anayetoka wa kwanza. Mkono wa juu usiachie ule mpini wenye umbo la T wakati wowote. Mpini ulioachiwa huvunja meno ya jirani, na kwa kweli hilo ni jeraha la kawaida kuliko kuzama. Bega kuteguka nalo hutokea mtu anaposhikilia kamba ya rafti huku mkono umenyooka nyuma yake. Aliyewahi kuteguka bega aseme mapema, kama vile mwenye pumu, kifafa au mimba anavyopaswa kusema. Fomu mnayopewa kujaza ina nafasi ya hayo. Ijazeni kwa ukweli, na dawa ya kuvuta ya pumu apewe kiongozi aiweke kwenye mfuko usioingia maji.

Dhana: Rafti iliyojaa maji inazama

Haizami. Bomba la nje limegawanywa vyumba vya hewa, kwa hiyo tundu moja halitoi hewa yote, na sakafu ya rafti za kisasa imeshonwa kwa kamba pembeni ikiacha matundu ya kutolea maji. Maji yanayoingia yanatoka yenyewe.

Dhana: Kama Sagana kuna jua, mto uko salama, na kiangazi mto hauna hatari

Maji ya Sagana hutoka Mlima Kenya na Aberdare. Mvua ikinyesha huko usiku, mto unaweza kupanda asubuhi wakati mbingu iko wazi kabisa pale mnapovaa majaketi. Kwa hiyo angalia mto wenyewe badala ya mawingu. Chomeka kijiti kwenye ukingo wa maji mnapofika, ukitazame tena baada ya kupewa maelekezo. Maji yakibadilika kuwa ya kahawia, yakileta vijiti, majani na povu, yanapanda. Mto ukiwa umefurika, mawimbi mengine hupotea kabisa kwa kufunikwa, lakini mengine hukua, miti ya kingoni inakuwa ndani ya mkondo, na aliyeanguka anasafiri mbali zaidi kabla hajafikiwa. Kiongozi anayefuta safari ya mwezi wa Aprili anastahili heshima yako.

Kiangazi nguvu ya maji hupungua, ila mawe hujitokeza. Hapo ndipo rafti hunasa, na hapo ndipo kujua kuhamia upande wa jiwe kunapolipa. Madaraja ya ugumu wa mikondo, kuanzia I (rahisi) hadi VI (hatari kabisa), hayajagongwa muhuri wa kudumu kwenye mkondo. Hupanda na kushuka kufuata kimo cha maji. Uliza mkondo uko daraja gani wiki hii.

Kuhusu mavazi tuseme kwa ufupi. Maji ya mlimani ni baridi, na jinzi na fulana ya pamba hubaki na maji na kukupoza. Vaa nguo nyepesi ya kukauka haraka, viatu vya kufungwa kwa kamba, na miwani iwe na uzi wa kisogoni. Ndala hutoka kwenye wimbi la kwanza, kisha unabaki kutembea juu ya mawe peku.

Dhana: Bahari ipo tu, saa yoyote ni saa nzuri

Pwani ya Kenya, kwenye bamvua kubwa (siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo), tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Safari iliyokwenda vizuri Jumatatu saa tatu asubuhi haiwi vile vile Ijumaa saa tatu asubuhi.

Huko Kisite, hifadhi ya bahari iliyo kusini mwa Shimoni, fungu la mchanga huonekana maji yakipwa na hutoweka yakijaa. Mashua za vioo vya chini za Malindi hutegemea maji kupwa ili matumbawe yawe karibu na kioo. Kwenye kisiwa cha Wasini, njia ya mbao inayopita juu ya matumbawe ya kale na mikoko inaonyesha mandhari mbili tofauti: nchi kavu yenye miamba mikali wakati wa kupwa, na ziwa la maji ya chumvi wakati wa bamvua. Kabla ya kulipa, muulize nahodha maji yatapwa saa ngapi siku hiyo. Akijibu bila kusita, uko mikononi mwa mtu anayeijua kazi yake.

Pepo nazo zina neno. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, hasa Mei hadi Agosti, bahari huchafuka na mashua hurusha watu. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi, maji hutulia na kuwa maangavu. Mwenye kichefuchefu ameze dawa yake kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika.

Dhana: Maji ya kahawia ya Malindi ni uchafu wa mji

Ni udongo. Sabaki huubeba kutoka bara na kuumwaga kaskazini kidogo mwa mji, na msimu wa mvua bahari hugeuka rangi. Aliyekuja kuangalia samaki miezi hiyo aende Watamu au Kisite, mbali zaidi na mdomo wa mto. Au siku hiyo aitumie kwa magofu ya Gede na mikoko ya Mida. Hapo rangi ya bahari haina maana.

Dhana: Pomboo wamelipiwa, lazima waonekane

Kisite ni mojawapo ya sehemu nzuri za kuwaona, lakini unacholipia ni mashua na kiingilio cha hifadhi, ambacho Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hupokea kwa njia ya mtandao; weka malipo tayari kabla hujafika gatini. Usimshinikize nahodha awakimbize. Mashua ikiwakatia njia wanazama na kwenda zao, ilhali ikipunguza mwendo na kusafiri sambamba nao mara nyingi hubaki.

Ukiwa majini na miwani na mrija, usisimame juu ya tumbawe. Linafanana na jiwe lakini ni kundi la viumbe hai, na mguu mmoja huvunja kilichokua kwa miaka. Vaa fulana ya mikono: mgongo ndio unaoungua, na huwezi kuhisi kwa sababu maji yanaupoza.

Dhana: Maji yanayokwenda kasi hayana kichocho

Hili linawahusu zaidi wanaokwenda Jinja, Uganda, ambako Nile hutoka Ziwa Victoria. Konokono wanaobeba kichocho hukaa kingoni, kwenye magugu na maji yaliyotulia, na vimelea huelea kutoka hapo. Mahali pa kupumzikia na kushukia ndipo penye hatari, na kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Dalili zinaweza zisionekane kabisa. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo kipimo na tiba hufaa wiki sita hadi nane au zaidi baada ya kuingia majini. Ukienda kesho yake utaambiwa huna kitu. Mpe daktari tarehe ya safari na jina la mto.

Na kwa Jinja hiyo hiyo, usitegemee maelezo ya zamani. Bwawa la Bujagali la mwaka 2012 lilifunika maporomoko yaliyokuwa na jina hilo, na la Isimba lililozinduliwa mwaka 2019 likafunika mikondo mingine chini yake. Muulize anayekupeleka akutajie mikondo mtakayopita kwa majina na daraja la kila mmoja, na saa ngapi mtakuwa majini.