Muda wa zimamoto kufika: unavyohesabiwa, na unachokiacha nje

Moto ukizuka kwenye mitaa ya mabati ya Kampala, lawama mbili hazikosi: zimamoto wamechelewa, na wamekuja bila maji. Lawama hizo zinagusa kipimo kimoja ambacho kila mji wenye kikosi cha zimamoto hukitumia kwa namna fulani, ingawa mwananchi wa kawaida haelezwi.

Kipimo chenyewe ni muda wa kufika, yaani muda unaopita tangu taarifa ya moto itolewe mpaka kikosi kiwe eneo la tukio. Kinakwenda pamoja na eneo la huduma: sehemu yote ya mji ambayo gari la kituo fulani linaweza kuifikia ndani ya dakika zilizowekwa. Ukiweka dakika nne, eneo la kituo linakuwa dogo. Ukiweka dakika ishirini, kituo kimoja kinaweza kudai nusu ya jiji. Ndiyo maana kiongozi akisema divisheni yote ya Kawempe, jijini Kampala, ina huduma ya zimamoto bila kutaja dakika ngapi, bado hajakueleza lolote.

Dakika zina uzito kwa sababu moto haukui kwa mwendo ule ule. Unaanza kidogo kwenye godoro au pazia, moshi wa moto unajikusanya chini ya paa, na joto la huko juu likikaribia nyuzi 600 za Selsiasi kila kitu chumbani kinashika kwa pamoja. Hapo hakuna tena wa kuokolewa ndani ya chumba hicho. Maabara ya UL ya Marekani iliwahi kuchoma vyumba viwili ili kulinganisha. Chenye samani za kizamani za mbao na pamba kilichukua karibu nusu saa kufika hatua hiyo. Chenye makochi ya sponji na vitambaa vya plastiki hakikumaliza dakika 5. Vyumba vya kupanga vya Bwaise, Katanga au Namuwongo, mitaa ya hali ya chini ya Kampala, vina godoro la sponji, jiko la makaa na waya za umeme zilizoungwaungwa, vyote ndani ya chumba kimoja ambacho ukuta wake ni wa jirani pia.

Sasa tuufuate wito mmoja. Uganda kazi ya zimamoto iko chini ya Polisi, katika Kurugenzi ya Zimamoto na Uokoaji, na namba za dharura ni 999 na 112. Anayepokea simu ni askari, na mara nyingi mazungumzo huenda hivi:

"Afande, moto! Tunaungua huku Bwaise!"

"Bwaise ya ngapi? Ya kwanza, ya pili, ya tatu?"

"Ya tatu, nyuma ya msikiti, ukipita pale wanapouza mbao."

"Msikiti upi?"

Afande hana kosa. Mitaa mingi ya hali ya chini haina majina ya njia wala namba za nyumba ambazo watu wanazitumia, kwa hiyo kuulizana tu kunakula dakika mbili au tatu kabla gari halijawashwa. Halafu askari wavae na kupanda gari. Chama cha kinga ya moto cha Marekani, NFPA, katika kiwango chake namba 1710, kinataka hatua hiyo isizidi sekunde 80, na kinaliwekea gari la kwanza dakika 4 tu za kuwa barabarani.

Kampala barabara ndiyo inayomeza muda mwingi. Kituo kikuu cha zimamoto kiko Clock Tower, na kutoka hapo hadi Bwaise ni kama kilomita 6. Gari likienda kilomita 50 kwa saa bila kusimama, litatumia dakika 7 na kidogo. Likienda kilomita 15 kwa saa, mwendo ambao foleni ya jioni ya barabara ya Bombo humlazimisha kila mtu, ni dakika 24. King'ora hakisaidii pale ambapo hata boda boda wamekosa pa kupenya.

Hapa ndipo wastani unapoficha ukweli. Tuchukue mfano wa miito kumi ya moto: minane iko katikati ya jiji na gari linafika kwa dakika 5, miwili iko Bwaise na gari linafika kwa dakika 25. Wastani ni dakika 9, na kwenye ripoti itapendeza. Lakini hakuna mtu yeyote aliyehudumiwa kwa dakika 9, na wale wawili wa Bwaise wamepotea kabisa ndani ya hesabu. Kiwango cha NFPA hakitumii wastani. Kinauliza kama muda ulitimia katika miito 9 kati ya kila 10. Ningependa kila diwani wa Kampala alijue swali hilo, kwa sababu linawalazimisha watu wahesabu wale walio pembezoni.

Jibu linalokuja haraka ni kujenga vituo zaidi, na ni kweli vinahitajika. Ila kuna hesabu yake. Mwaka 1973 Peter Kolesar na Edward Blum, wakichunguza zimamoto ya New York, walionyesha kwamba umbali wa wastani wa gari hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vituo: ukitaka umbali uwe nusu, vituo vinatakiwa viwe mara nne. Kwa bajeti za miji yetu hiyo ni safari ndefu. Na hesabu za aina hii zina hatari zikiachwa peke yake. Taasisi ya New York City-RAND, walikofanyia kazi watu hao, ilitengeneza modeli zilizotumika kuamua ni vikosi gani vifungwe miaka ya 1970. Baadhi ya vilivyofungwa vilikuwa South Bronx, mtaa maskini uliokuwa tayari unaungua, na muongo huo sehemu kubwa ya nyumba zake ziliteketea au kutelekezwa.

Jambo jingine ambalo ramani haionyeshi: eneo la huduma lipo tu gari likiwa kituoni. Usiku wa Februari 2017 soko la Park Yard, karibu na Uwanja wa Nakivubo, liliteketea. Moto wa ukubwa huo unavuta magari kutoka kila upande, na wakati huo kila mtaa ambao magari yake yameondoka hauna wa kuukimbilia, ila kama kuna gari limepangwa kushika zamu mahali pao.

Lakini kwa maoni yangu mita 200 za mwisho ndizo zinazoamua zaidi kuliko kilomita zote 6. Saa ya kuhesabu muda wa kufika husimamishwa gari linapokanyaga eneo la tukio. Bwaise gari linakanyaga lami na kuishia hapo, kwa sababu vichochoro vya ndani vinapitisha mtu na toroli tu, na vingine vina mtaro katikati. Askari wanashuka na kuanza kuunganisha mipira ya maji kipande kwa kipande, kila kimoja cha mita 20 na ushee. Mita 200 ni vipande vinane hadi kumi, vikipita juu ya ngazi, kamba za nguo na watu wanaokimbia na magodoro kichwani. Kila kipande kinachoongezwa kinapunguza msukumo wa maji. Dakika hizo haziandikwi popote, na moto unazitumia zote.

Kuhusu maji, chukua gari lenye tangi la lita 4,000. Mpira mmoja ukitoa lita 400 kwa dakika, tangi limekwisha kwa dakika 10. Kwa aliyefika muda huo gari limekuja bila maji, ingawa lilifika limejaa. Gari halikuundwa lizime moto kwa tangi lake pekee; linatakiwa lijiunge na haidranti, vile vichwa vya mabomba ya maji vya kando ya barabara. Pasipo na haidranti, au iliyopo imefukiwa na matengenezo ya barabara, gari linarudi kujaza na foleni inaanza upya. Kama ningepewa fedha za kitu kimoja tu kwa Bwaise, ningeweka haidranti zinazofanya kazi kwenye midomo ya vichochoro kabla ya kujenga kituo kipya.

Anayepiga simu anaweza kuokoa dakika zake mwenyewe: ataje divisheni, parokia (eneo la utawala chini ya divisheni) na jina la mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kisha kitu kinachoonekana kutoka kwenye lami, si kilicho ndani ya mtaa. Mtu mmoja asimame pale lami inapoishia awapokee askari na kuwaongoza kichochoro gani kinapitika. Na umeme ukiwa bado unawaka kwenye nyaya, waambieni mapema, maana hawatapuliza maji mpaka ukatwe.