Kuogopa vyuma vilivyo chini ya maji: maneno ya mtaani na ukweli wake

Kuna watu hawawezi kabisa kuangalia mnyororo wa boya unavyoshuka na kupotelea chini. Kuogelea wanaogelea, samaki hawawasumbui, ila wakiona kitu kilichotengenezwa na binadamu kimekaa ndani ya maji, iwe propela ya boti, nanga, meli iliyozama, hata ule mfuniko wa kutolea maji kwenye swimingi puli, moyo unaenda mbio, jasho linatoka, anataka aondoke hapo sasa hivi. Hali hii inaitwa submekanofobia. Hapa Dar wapo, wanavuka Kigamboni na pantoni huku wamekaza macho kwenye simu ili wasione ubavu wa chombo unavyoingia majini, na naandika haya kwa sababu maneno wanayoambiwa yanawaumiza kuliko woga wenyewe.

"Hajui kuogelea huyo." Hapana, hayo ni mambo mawili tofauti. Hata anayeogopa kina na ukubwa wa bahari, ambayo ni thalasofobia, siyo lazima aogope vyuma. Mtu anaweza kuwa na vyote au kimoja tu.

"Ni chunusi (pepo wa majini) anamvuta" au "ana jini la bahari". Hili watu wa pwani tunalisikia tangu utotoni. Kinachotokea mwilini kinajulikana, sehemu ya ubongo inayoitwa amigdala inapiga kengele ya hatari, adrenalini inamwagika, mapigo yanapanda, ni mwili uleule unavyofanya kwa anayeogopa nyoka au ghorofa refu. Kinachoniuma ni miaka inayopotea, mtu anazungushwa kwa waganga, anaonekana ana mkosi, mwisho anaficha tatizo ambalo lina tiba.

Wengine wanasema ni jina la intaneti tu, hakuna ugonjwa kama huo. Hapo kuna ukweli nusu. Jina lenyewe halimo kwenye DSM-5, kile kitabu cha Wamarekani cha kutambua magonjwa ya akili, lakini woga wa kitu fulani maalumu umo na huu unaingia humo, ilimradi uzidi hatari yenyewe, uje karibu kila unapokutana na kitu hicho, udumu kwa kawaida miezi 6 au zaidi na uharibu maisha. Kwahiyo wewe unayesisimka tu ukiona picha ya Titanic kule chini karibu mita 3,800 huumwi, ila anayekataa kazi Zanzibar kwa sababu ya boti, huyo ndiye mwenye kuhitaji msaada.

"Lazima alishanusurika kuzama." Naelewa kwanini tunawaza hivo, sisi tuna ajali za meli, MV Bukoba ya Mei 1996, Spice Islander Septemba 2011, halafu Skagit Julai 2012 iliyoondoka hapahapa Dar. Wapo ambao woga ulianzia kwenye jambo kama hilo, lakini wengi wenye fobia, yaani woga uliopitiliza, hawakumbuki tukio lolote, mwingine alimwona mama yake akiogopa, mwingine ni taarifa ya habari tu. Na aliyenusurika kweli, anayeota usiku na kuliona tukio upya, anaweza kuwa na jeraha la akili linalotaka matibabu ya namna nyingine, msiwachanganye.

Halafu kuna wa "chuma ni chuma tu, unaogopa nini". Jamani, maji yanadanganya macho. Mwanga unapinda, ukivaa miwani ya kuzamia kitu kinaonekana kikubwa kwa kama theluthi moja na karibu zaidi, cha mita 4 unakiona kama kipo mita 3. Rangi nyekundu inapotea mapema, vyote vinabaki bluu na kijani, na kwenye maji ya bandarini yenye tope unaona kipande tu, kingine unakijaza mwenyewe kichwani. Pia hatari zipo, propela inayozunguka inaua, na matundu ya kunyonya maji kwenye mabwawa yamewahi kuwanasa watoto mpaka Marekani ikatunga sheria ya mifuniko yake mwaka 2007. Tahadhari ni akili nzuri. Shida ni pale injini imezimwa, boti imetulia, na bado huwezi kusogea.

Na hii ya kwamba chombo kikishazama kinakuwa na laana, mimi huwa najibu kwa historia yetu. Glasgow, meli ya Sultani, Waingereza waliizamisha bandarini Zanzibar Agosti 1896 na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi huku watu wakiendelea na biashara zao. Hapa Dar Wajerumani walizamisha chelezo chao, yaani gati linaloelea la kutengenezea meli, mwaka 1914 kwenye mlango wa bandari kuzuia meli za Waingereza. Ila meli ya Liemba ndo naipenda zaidi: Wajerumani waliizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika Julai 1916, ikaibuliwa 1924, ikaanza kazi tena 1927, na chuma hichohicho kilicholala majini miaka yote hiyo kikabeba abiria na magunia ya dagaa kwa miongo na miongo.

Dhana mbaya kuliko zote ni "mrushe tu majini, atazoea". Nimeona vijana wakimsukuma mwenzao majini kutoka kwenye boti pale karibu na kisiwa cha Bongoyo wanacheka, na yule alikuwa analia kweli. Hiyo siyo tiba, ni kumthibitishia ubongo wake kwamba hatari ipo na watu wa kuaminika hawapo, tena akipaniki anaweza kumeza maji akafa. Tiba inayofanya kazi ni kukutana na unachoogopa kidogokidogo, kwa ridhaa yako, ukikaa hapo mpaka woga ushuke wenyewe. Mwanasaikolojia Msweden Lars-Göran Öst alionyesha mwaka 1989 kwamba kwa fobia maalumu hata kikao kimoja kirefu cha muda wa mpaka masaa 3 kinaweza kuleta nafuu kubwa.

Sisi bahari yetu inasaidia. Maji ya bamvua yakipwa, pale Msasani au Kunduchi boti zinabaki zimelala mchangani, mkuku na propela vyote nje. Anza hapo mchana na mtu unayemwamini, shika chuma kikiwa kikavu, siku nyingine maji yakiwa ya vifundoni, halafu magotini. Kama woga umefika pa kushindwa kuvuka kabisa, Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, mwambie daktari hivohivo kwamba unaogopa vyuma vilivyo majini, hata kama jina hili hajawahi kulisikia woga wa aina hii anajua kuutibu.